Tano Si Inatosha

Siku ile mjinga alikuwa Isihaka, na mwenyewe hapingi. Ukimkuta shambani kwake Kang'ata, jembe mkononi na suruali imekunjwa mpaka magotini, atakwambia kabla hujamuuliza. Kuna wajinga wa kuzaliwa na kuna wajinga wa kusomeshwa. Yeye alisomeshwa kwa gharama kubwa, akavalishwa shati jeupe lenye mistari ya dhahabu mabegani, halafu akafanya ujinga ambao mchunga mbuzi asingeufanya. Mchunga mbuzi akimwona chui hapigi mzaha. Anapiga yowe.

Alikuwa rubani msaidizi katika shirika dogo la ndege za ndani, zile zenye mapangaboi mawili na viti vya kubana magoti. Kiti cha kulia kilikuwa chake. Kiti cha kushoto, kiti cha mkubwa, kilikuwa cha Kapteni Eliasi, Msambaa wa Kwamndolwa, Korogwe. Basi hapo tayari una Mzigua na Msambaa wamefungiwa kwenye chumba kisichozidi choo cha shule, na mlango umefungwa. Watu hawa ni watani tangu enzi za mababu. Hutukanana bila kukasirikiana, hunyang'anyana vitu bila kushtakiana, na mmoja akifiwa, mwenzake ndiye huja kuwachekesha wafiwa ili machozi yasiwaue.

Kapteni Eliasi ndiye aliyemfundisha Isihaka kazi. Kwa umri angeweza kuwa baba yake mdogo, na mbele za watu Isihaka alimwamkia vizuri, "Shikamoo Kapteni," akaitikiwa, "Marahaba." Mlango ukishafungwa tu, mambo yalikuwa mengine.

"Mzigua, tunapita juu ya kwenu," Kapteni angesema kila walipovuka anga ya Handeni. "Funga chupa yako ya maji. Wakiiona huko chini watarusha kamba."

"Heri sisi tusio na maji, mtani, kuliko nyinyi wenye mguu mmoja mfupi kwa kulima kwenye mteremko. Ndiyo maana ndege yako kila siku inaegemea kushoto."

Wakicheka hivyo saa zilikuwa zinakwenda. Wahudumu waliokuwa nyuma waliwasikia kupitia mlango, na Filomena, binti wa Masuguru ambaye babu yake aliletwa Korogwe kukata mkonge, alikuwa anawaletea chai na kusema, "Nyinyi wawili siku moja mtasahau kutua."

Hawakusahau kutua. Walisahau kusimama.

Ndege haiondoki kama basi, kwamba utingo kagonga bati basi twende. Kabla haijasogea, mwongozaji aliyeko mnarani huwasomea marubani kibali cha kuondoka: mtapita njia ipi, mtakata upande gani, mtapanda mpaka kimo gani, na hapo msubiri mpaka mtakapoambiwa tena. Rubani msaidizi hukirudia kibali chote kwa sauti, neno kwa neno, ili mwongozaji ajue kimesikika. Kisha kile kimo kinawekwa kwenye kidirisha kidogo cha namba mbele yao, na marubani wote wawili, mmoja baada ya mwingine, wanakielekezea kidole na kukitaja. Ni jambo dogo, la kitoto hata. Limewekwa hivyo kwa sababu ya watu wanaodhani wamezoea.

Na wao walikuwa wamezoea. Njia ile walipewa futi elfu kumi na moja kila siku, kiasi kwamba Kapteni alikuwa anaweka namba hiyo kwenye kidirisha kabla kibali hakijasomwa, kama mama anayepakua chakula cha mume kabla hajasikia pikipiki.

Asubuhi ile Kapteni alikuwa katikati ya utani mtamu. Alikuwa anasimulia jinsi Mzigua mmoja alivyooa Lushoto, akaoneshwa bomba la maji, akalipigia magoti. Isihaka alikuwa anatafuta jibu. Alishaliona kwa mbali, lilikuwa jibu la kabichi za Usambaani, zuri sana, lilikuwa linakuja. Redio ikaita. Mwongozaji akasoma kibali, na siku hiyo kilikuwa kingine: wapande mpaka elfu tano tu na wakae hapo, kwa kuwa kulikuwa na ndege nyingine inashuka juu yao.

Isihaka akakirudia chote, bila kukosea. Tano, akasema, kwa Kiingereza safi cha kazini. Mwongozaji akaridhika. Isihaka akaandika tano kwenye kijikaratasi pajani kwake. Mdomo wake ulifanya kazi yake na mkono wake ulifanya kazi yake. Akili ndiyo ilikuwa Lushoto, kwenye kabichi. Alipokata redio akageuka akatoa jibu lake, Kapteni akacheka mpaka akafuta macho, na kidirisha kikabaki na kumi na moja. Hakuna aliyekinyooshea kidole.

Wakaruka.

Isihaka aliiona tano yake walipokuwa wanaikaribia. Aliinamisha kichwa, akaona kijikaratasi, akainua macho, akaona kidirisha. Hapo ndipo ulipokuwa wakati wa yowe. Kuna maneno ya kazi yaliyowekwa kwa ajili hiyo, mafupi, makavu, hayana adabu wala hayana utovu wa adabu: "Kapteni, kimo!" Alifundishwa. Aliyemfundisha ndiye aliyekuwa amekaa kushoto.

Lakini utamwambiaje mkubwa, mwalimu wako, mtu uliyemwamkia shikamoo asubuhi hiyohiyo, kwamba amekosea, tena ghafla, tena kwa sauti kali? Na kumbuka kosa lilikuwa la wote wawili. Isihaka alitafuta mlango wa kuingilia, akaupata ule aliouzoea, mlango ambao mdogo anaupitia kumfikia mkubwa bila kupiga hodi.

"Mtani," akasema, "Msambaa akianza kupanda hajui kusimama. Tano si inatosha?"

Kapteni akacheka. "Inawatosha nyinyi wa bondeni."

Na Isihaka, Mungu amsamehe, akacheka pia.

Ndege ikaipita tano. Isihaka bado alikuwa na tabasamu, anajiuliza aseme tena vipi. Aliporudi kufungua mdomo, mashine ya kuonya ndege zinapokaribiana ikamtangulia. Ina sauti ya mwanamke asiye na mtani duniani. Ikaamuru washuke, washuke sasa hivi. Kapteni akasukuma usukani, pua ikainama, na Isihaka akaona tumbo la ndege nyingine likipita juu ya kioo, karibu kiasi cha kuziona alama za matope kwenye magurudumu yaliyokuwa yameanza kutoka. Likapita. Anga ikabaki bluu kama vile haijasikia kitu.

Hakufa mtu. Watu wa mjini wakisimuliwa habari hii huuliza hilo kwanza, wakisikia hakufa mtu wanaagiza soda nyingine. Lakini nyuma kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa hajawahi kupanda ndege. Alikuwa amejifungua mkanda ili achukue tasbihi yake iliyoanguka. Filomena alinyanyuka kitini kwake kwenda kumfunga. Akamfunga. Ndege ilipoinama, bibi alibaki kitini. Filomena ndiye aliyepaa mpaka darini, akarudi chini vibaya, na mkono wake wa kulia ukavunjika sehemu ambayo mafundi wa mifupa hawapendi kuisikia. Mpaka leo kifundo cha mkono huo hakikunjiki. Mhudumu asiyeweza kubeba sinia si mhudumu, walimwambia kwa maneno laini. Alirudi Masuguru akafungua duka la madaftari na sare za shule.

Wakubwa wa usalama wa shirika walikaa wakasikiliza sauti zilizorekodiwa. Walisikia kabichi. Walisikia kibali kikirudiwa vizuri. Wakasikia "tano si inatosha," wakarudisha, wakasikia tena, kisha kicheko cha Kapteni, kisha kicheko cha Isihaka. Hicho cha pili ndicho kilichomponza.

Kapteni Eliasi hakusubiri hukumu. Aliacha kazi mwenyewe, akarudi Kwamndolwa kwa mama yake mzee, akawa anapalilia migomba na kufuga kuku. Isihaka alisimamishwa, akarudi Kang'ata, akalima mahindi na ufuta, akingoja. Hatimaye mkuu wa usalama akampigia simu. Alikuwa na roho nzuri yule mzee.

"Kijana, wewe una njia mbili. Tano uliitaja. Wengine tunasema ulionya, wengine tunasema ulikuwa unacheza. Anayejua alivyosikia ni mtu mmoja. Kapteni wako akituambia kwamba alisikia onyo akalipuuza, unaanza mafunzo upya na kiti chako utakipata. Akisema alisikia utani, basi tena, tutasahauliana."

Isihaka akampigia Kapteni. Haikupokelewa. Akapiga tena siku nyingine, na nyingine. Alikuwa bado anajishauri aende mwenyewe, ndipo ikaja habari kwamba mama yake Kapteni amefariki, na maziko ni kesho yake alasiri.

Mama yake Isihaka, Bi Mwatumu, alikuwa anapepeta mahindi. Hakuuliza kama anakwenda.

"Vaa shati bovu," akamwambia. "Mtani haendi msibani kama bwana harusi."

"Mama, yule hapokei simu yangu. Nikamchekeshe?"

"Amefiwa na mama. Wewe ni Mzigua. Mengine mtayamaliza wenyewe."

Isihaka akavaa shati bovu. Lakini njiani, tangu Kang'ata mpaka mjini Handeni kwa bodaboda, na kutoka Handeni mpaka Korogwe amebanwa dirishani na mama mwenye ndoo ya asali, alijijua. Alikuwa anakwenda na pole mkononi na ombi mfukoni, na ombi ndilo lilikuwa zito.

Kwamndolwa turubai lilikuwa limefungwa kati ya migomba. Kwaya ya kanisani inaimba upande huu, majirani Waislamu wamekaa mkekani upande ule wakisubiri kubeba. Isihaka akamtafuta Kapteni kwa macho. Alimwona karibu na mlango, amekonda, ndevu zimeota nyeupe tupu.

"Shikamoo Kapteni. Pole sana kwa msiba."

"Marahaba. Asante, Bwana Isihaka. Karibu ukae."

Bwana Isihaka! Angemwita mwizi, mla panya, mkaukiwa, roho ya Isihaka ingetulia. Bwana ni neno la kumwitia karani wa benki. Akakaa.

Jeneza lilipotoka, akafanya alichofundishwa na mababu. Akaruka akalala chali katikati ya njia ya kwenda makaburini, mikono ameikunja kifuani.

"Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Bibi huyu nilimposa mimi! Aliniahidi atanipikia ndizi mpaka ninenepe, leo anakimbia! Hawa Wasambaa ndivyo walivyo, ukiwaposa wanakufa! Nipeni ndizi zangu au nizikwe naye!"

Wanawake waliokuwa wanalia wakapasuka kicheko ndani ya kilio, kile kicheko kinachouma mbavu. Mzee mmoja akasema, "Mzigua kafika, sasa msiba umekamilika." Wabebaji wakasimama, wakitabasamu, wakingoja mfiwa amkomboe mtani njiani, kama desturi ilivyo. Ilikuwa zamu ya Kapteni. Alitakiwa amtukane, amrushie kitu chochote, amfukuze kwa fimbo ya mgomba.

Kapteni akaja akasimama juu yake. Akamtazama chini muda mrefu, hata kicheko kikaanza kupoa kwa watu.

"Bwana Isihaka," akasema polepole, "naomba utupishe."

Isihaka hakujua kwamba mtu anaweza kuwa amelala chini na bado akaanguka. Aliyemwokoa ni Asnath, dada yake Kapteni. Alitoka jikoni na kichane cha ndizi mbivu, akamtupia tumboni. "Shika, mwenye njaa wewe! Handeni mnaletewa maiti mnadai chakula! Toka!" Watu wakacheka tena, jeneza likapita. Isihaka akainuka na ndizi zake, vumbi mgongoni, akafuata nyuma kabisa. Makaburini alishika koleo mpaka udongo ulipokwisha.

Waliporudi, watu wakanywa chai, wakapungua. Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa milimani. Isihaka alijiambia atoe pole tena, aage, aondoke na heshima yake kidogo iliyobaki. Lakini ombi lililo mfukoni halijui msiba. Akavuta kiti karibu na cha Kapteni.

"Kapteni, wamekupigia kuhusu mimi?"

"Wamepiga."

"Umewaambiaje?"

"Sijawaambia kitu. Nilikuwa nauguza mama."

"Basi waambie ukweli. Waambie nilikuonya."

Kapteni akageuka, na kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake yakawa na mtu ndani. "Ulinionya?"

"Nilisema tano."

"Ulisema 'tano si inatosha.' Uliuliza kama mteja wa nyanya. Na ulicheka."

"Nilicheka kwa sababu ulicheka! Ulitaka ninune? Tumezungumza hivyo miaka yote. Kila nilichowahi kukurekebisha nilikurekebisha kwa utani, na ulikuwa unasikia. Siku ile ya mvua kubwa, nilikwambia Msambaa anatafuta shamba la kutua, ukaangalia, ukarekebisha njia. Hukusema siku hiyo kwamba ni utani."

"Siku hiyo niliangalia kwa bahati."

"Uliangalia kwa sababu unanijua!"

"Ndiyo maana nakwambia!" Kapteni alipandisha sauti, akakumbuka msiba, akaishusha. "Sikiliza. Angekuwa amekaa mtu mwingine pale, Mchaga, Mhindi, yeyote, akasema tano, ningegeuka nikatazama. Kwa kuwa ulikuwa wewe, nilicheka. Kila siku nalala na jambo hilo. Kwa hiyo usiniombe niseme nilisikia onyo. Sikusikia onyo. Nilimsikia mtani wangu."

Maneno yale yalikuwa ya mapenzi, na yalikuwa yanamfukuza Isihaka kazi, vyote kwa pamoja.

"Kwa hiyo hunitanii tena kwa sababu hiyo," akasema.

"Nikikutania naisikia ile sauti ya mashine."

"Na mimi je? Nimekaa Kang'ata nalima ufuta. Nikisikia ndege inapita juu nakimbilia chini ya mti nisiione. Kazi yangu hiyo, Kapteni. Neno lako moja tu. Kumwambia mzee kwamba amekosea, kwetu, mdogo anapita wapi? Nilipita mlango uliopo. Kama hukuusikia ukifunguka, kosa ni la aliyepiga hodi au la aliyelala?"

"La aliyepiga hodi kwa kucheka."

"La aliyelala!"

"Hukuonya, Isihaka. Ulitania."

"Nilionya kwa lugha yetu!"

Walipofika hapo, chai ikaja. Filomena alikuwa msibani tangu asubuhi, akisaidia jikoni, na Isihaka alikuwa amemwona kwa mbali, akamkwepa kwa mbali hivyohivyo. Sasa alikuwa mbele yao na birika kubwa, amelishika kwa mkono wa kushoto, mkono wa kulia ameuegemeza chini yake kama kipande cha ubao. Alimimina kwenye kikombe cha Kapteni, kisha cha Isihaka, taratibu, bila kumwaga.

"Dada Filomena," Isihaka akasema, na bado alikuwa na moto, la sivyo asingethubutu. "Wewe utuamulie. Ulikuwepo. Mtani wako akikwambia tano si inatosha, amekuonya au amekutania?"

"Ndiyo, mwambie," akasema Kapteni. "Mwambie asikie kwa mwingine."

Filomena akaliweka birika mezani. Akakishika kile kifundo kisichokunjika, akakisugua kidogo kama mtu anayekitafuta, akawatazama mmoja mmoja.

"Nyinyi huko mbele mlikuwa watani," akasema. "Sisi huko nyuma tulikuwa watani wa nani?"